Geuza Picha Mpaka Ukuta Usimame

Haya niliyasema hapa Maskati mbele ya jamaa zetu wanaojenga na kupamba nyumba, pamoja na vijana wapiga picha. Waliokuwa safarini wameomba wayapate, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Picha zilizokuwa zikipita ukutani nimeziondoa, mahali pake nimeeleza kwa maneno.

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, nanyi vijana mlioketi karibu na mlango kana kwamba mnatafuta upenyo wa kutoroka: njooni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya mapambo ya ukutani, na katika mapambo yote nimechagua moja tu: picha ya ngome kongwe ya jangwani iliyopigwa kutoka angani. Siku hizi naziona kila ninapoingia. Bahla ya hapa Oman juu ya kochi. Jabrin, nayo ya hapa Oman, kwenye ukumbi wa hoteli. Qasr Bashir ya Yordani kwa daktari wa meno, na mgonjwa kaachama mdomo hana pengine pa kutazama. Kazi yangu ni fremu, kwa hiyo nyingi hupitia mikononi mwangu kabla hazijafika kwenye kuta zenu. Basi niseme bila kuzunguka: nyingi zimetundikwa vibaya. Sisemi zimekaa upande. Nasema zimetundikwa na mtu ambaye hakuzisoma.

Maana picha ya namna hii husomwa. Picha ya machweo unaitazama, unasema mashallah, imekwisha. Picha ya ngome kutoka juu ni hati. Ina habari ndani yake, ina tarehe, ina ushahidi wa nani alikuja na nani alizuiwa kuingia. Kwamba ni nzuri pia, hilo ni ziada.

Na kupamba nyumba kwa habari za mbali si jambo tulilojifunza jana. Nyumba kongwe za Lamu zina zidaka, ukuta mzima wa vishubaka vya chokaa, na ndani yake zilipangwa sahani na bakuli za China. Pale Kunduchi, hata makaburi ya nguzo yalipachikwa bakuli. Mgeni akiingia, ukuta ulimwambia wenyeji wake wamefungamana na nani ng'ambo ya bahari. Sasa mimi nauliza: ngome uliyoitundika sebuleni kwako inamwambia nini mgeni? Wewe mwenyewe imekwambia nini?

Tuanze na kivuli.

Kulikuwa na padri mmoja wa Kifaransa, Mjesuti, jina lake Antoine Poidebard, makazi yake Beirut. Kati ya mwaka 1925 na 1932 alikuwa akipanda ndege za jeshi la Ufaransa na kuzunguka juu ya jangwa la Syria, kamera mkononi, akitafuta mpaka wa kale wa Dola ya Rumi. Ukipita nchi ile kwa miguu saa sita mchana, huoni kitu. Mawe, vumbi, tuta dogo hapa, tuta dogo pale. Unaweza kukanyaga ukuta wa ngome na usijue. Poidebard alijua siri ya jua lililoinama. Alfajiri ikishapambazuka, au jioni jua likielekea kuzama, hata tuta lisilofika gotini hutupa kivuli kirefu. Ukiwa juu, vivuli vile huungana vikawa mistari. Mistari ikawa mraba. Kwenye pembe za mraba ukaona minara, katikati ya upande mmoja ukaona pengo, na pengo lile ni lango. Ukuta wenyewe umezikwa, kivuli chake hakikuzikwa! Mwaka 1934 alichapisha kazi yake, na ndani yake mlikuwa na ngome 116.

Kwa hiyo ukienda kununua, usiulize kwanza bei, wala usiulize ukubwa. Tafuta kivuli. Picha iliyopigwa mchana wa jua la utosi haina kivuli, na ngome isiyo na kivuli inaonekana kama mkate wa mofa ulioangukia mchangani. Hata ukiweka fremu ya dhahabu. Hata ukiichapisha mita tatu. Vijana wenye droni, mnanisikia? Kwanza kibali, maana hapa Oman droni hairushwi kiholela. Kibali kikipatikana, amka mapema. Saa nne asubuhi umeshachelewa.

Kivuli hichohicho kinaweza pia kukusaliti. Mama mmoja alinirudishia picha yake dukani, ameikumbatia kifuani, amekasirika. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilinunua ngome. Hii mliyonipa ni shimo." Nikaitazama. Alikuwa na haki. Kuta zilionekana kama mahandaki, minara kama visima vinne, ua wa katikati umetuna kama jukwaa. Nikamuuliza nani aliyeitundika. Akasema kijana wake, injinia, alihakikisha kaskazini iko juu kama ramani inavyotaka. Nikaichukua ile picha, nikaigeuza juu chini pale kwenye meza, nikamwomba arudi nyuma hatua tatu. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ala! Imeinuka."

Imeinukaje? Jicho la binadamu limezoea mwanga unaotoka juu: jua liko juu, taa iko juu. Likitazama picha bapa, linachukulia kwamba mwanga unatoka upande wa juu wa picha, na kwa dhana hiyo linaamua kipi kimeinuka na kipi kimezama. Sasa huku kwetu, kaskazini ya ikweta, sehemu kubwa ya mwaka jua hukaa upande wa kusini, na vivuli huelekea kaskazini. Ukiweka kaskazini juu, vivuli vyote vinakimbia kwenda juu, jicho linachanganyikiwa, na mlima unakuwa bonde. Dawa yake haina gharama. Geuza picha. Igeuze mpaka vivuli vikuangukie wewe mtazamaji. Igeuze mpaka ukuta usimame. Kijana wa ramani akilalamika, mwambie kaskazini itabaki palepale, Oman haitahama, na kama ana wasiwasi sana mchoree kishale kidogo nyuma ya fremu.

Ninazungumzia picha iliyopigwa kwa kuangalia chini moja kwa moja. Hiyo haina juu wala chini, ni yako, igeuze utakavyo. Ile iliyopigwa kwa mshazari, yenye upeo wa macho na kipande cha mbingu, haigeuki. Hiyo ikionekana shimo, iache dukani, chukua nyingine.

Na ukifika nyumbani, tazama dirisha lako liko upande gani. Ikiwa ndani ya picha mwanga unatoka kushoto, tafuta ukuta ambao dirisha liko kushoto. Mwanga wa chumba na mwanga wa picha vikitoka upande mmoja, ngome inakaa kana kwamba imejengwa juu ya ukuta wako. Vikipingana, utahisi kuna kitu hakijakaa sawa na hutajua ni nini. Watu wanaonipigia simu kwamba picha "inawasumbua" mara nyingi tatizo lao ni hili, na wao wameshabadilisha mapazia mara mbili.

Jambo la pili nalisema kwa nguvu zaidi, kwa sababu linaniuma zaidi. Usilikate jangwa.

Watu wanaleta picha nzuri, yenye ngome ndogo katikati na nchi pana kuizunguka, halafu wananiambia: fundi, kata hii, kata na hii, tubakishe ngome ijae. Mnataka ijae! Mnajua mnachokikata?

Twendeni Shisr, kule Dhofar, kusini mwa Oman, ukingoni mwa jangwa la Rub' al-Khali. Mwaka 1984 chombo cha angani Challenger kilipita juu ya Oman kikiwa na rada. Watafiti waliokuwa wakiutafuta mji wa Ubar wa hadithi za misafara ya ubani wakazitazama picha za rada zile, wakaongeza na picha za setilaiti. Waliona ngome? Hawakuona ngome. Waliona njia. Nyayo za ngamia wa karne nyingi zilikuwa zimeigandamiza ardhi, na kutoka juu njia zile zilionekana pale ambapo mtu wa chini angeona mchanga mtupu. Wakazifuata, zikawapeleka Shisr, penye kisima. Wakachimba, na mapema mwaka 1992 habari ikatangazwa duniani: chini ya kifusi kulikuwa na ngome yenye kuta na minara, na sehemu yake ilikuwa imetumbukia kwenye shimo kubwa, kwa kuwa chini yake mwamba wa chokaa ulikuwa na pango. Wengine wakasema ndiyo Ubar, wengine wakakimbilia kusema ni Iram ya kina Adi wanaotajwa kwenye Qurani, na wanaakiolojia mpaka leo hawajakubaliana. Mimi siingii kwenye ugomvi huo. Ninachowaambia ni kwamba kama mtu angezikata picha zile abakishe "kitu chenyewe", asingekipata kitu chenyewe. Njia ndizo zilizoonyesha ngome.

Au tazameni ngome zetu za Dakhiliya, mkoa wa ndani wa Oman. Ukipata picha iliyopigwa kutoka juu zaidi, angalia nje ya kuta utafute mstari wa vitundu vya duara vilivyofuatana kutoka upande wa milima. Hayo ni matundu ya falaji, ambamo mafundi waliteremka kuchimba na kusafisha mfereji wa chini kwa chini. Jabrin ina falaji inayopita ndani ya ngome yenyewe. Sasa niambieni, ngome inaishi kwa unene wa kuta au kwa maji? Ukikata vitundu vile umebaki na matofali ya udongo. Bahla nayo, watu wanakata wanabakisha jengo kubwa peke yake, wanatupa ukuta wa mji mzima, ukuta wa udongo wa kilomita kama 12 unaozunguka nyumba, mashamba na mitende. Jengo kubwa ni la wenye amri. Ukuta ule ulikuwa wa watu wote.

Na mfano wa tatu, kisha nitawaachia. Masada, juu ya Bahari ya Chumvi. Kasri la Herode juu ya mwamba. Ukiipiga picha kwa karibu unapata majumba yaliyobomoka, basi. Ukirudi nyuma, chini ya mwamba unaona miraba ya mawe, minane, imeizunguka pande zote. Hizo ni kambi za jeshi la Warumi lililoizingira mwaka 73 au 74. Unaona na ukuta walioujenga kuwafungia Wayahudi walioasi waliokuwa juu, na upande wa magharibi unaona tuta kubwa walilolipanga kupandishia mitambo yao. Mzingiwaji na mzingiaji wako kwenye fremu moja. Kuna picha ngapi duniani zinazoweza kukuonyesha hilo kwa mara moja? Na wewe unaniambia nikate!

Usilikate jangwa. Kama ukuta wako ni mdogo, chapisha picha ndogo iliyo nzima. Sentimita 40 yenye jangwa lote inashinda mita moja yenye ngome peke yake. Mtu atasogea karibu kuitazama, na kusogea huko ndiko tunakokutaka.

La tatu: jua unachotundika. Nasikia mtu anasema moyoni, mimi napenda rangi tu, ile hudhurungi inakwenda na zulia langu. Haya. Lakini sikiliza kisa cha Jabrin, halafu uniambie kama utaitazama vilevile.

Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Ya'aruba ndiye aliyewatoa Wareno hapa Maskati mwaka 1650, na ndiye aliyejenga ule mnara mkubwa wa duara wa Nizwa. Aliacha wana, miongoni mwao Bil'arab na Saif. Bil'arab akawa imamu, akajenga Jabrin kwenye uwanda karibu na Bahla: kasri la elimu, lenye dari zilizochorwa maua na nakshi. Ndugu wakagombana. Saif akamzingira kaka yake ndani ya Jabrin, na Bil'arab akafia humo humo, kaburi lake lipo chini ya kasri alilolijenga mwenyewe. Saif akawa imamu. Na huyu Saif bin Sultan ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu, Mombasa, kuanzia 1696, karibu miaka mitatu, mpaka ikaanguka mwishoni mwa 1698.

Sasa tufikirie sisi tuliomo humu, wenye bibi wa Unguja na ami wa Mombasa. Picha ya Jabrin kutoka juu, ule mstatili wa rangi ya udongo uliokaa peke yake kwenye uwanda, ni mlango wa habari iliyofika mpaka kwenye mitaa waliyozaliwa wazee wetu. Nina mteja mmoja ambaye ameitundika Jabrin na Ngome ya Yesu ukuta mmoja, zote kutoka angani, ukubwa mmoja, fremu moja. Moja iko jangwani, nyingine imeota juu ya matumbawe. Hakuandika neno chini yake. Wageni wanamuuliza, naye anapata la kuzungumza kahawa ikipita. Huo ndio upambaji!

Tena kuna habari ya picha zenyewe. Kati ya 1960 na 1972 Wamarekani walirusha setilaiti za kijasusi zilizoitwa CORONA. Zilipiga picha kwa filamu, filamu hasa ya kusafishwa kwa dawa. Ikijaa, ilifungwa ndani ya kibweta, kikaachiwa kutoka angani na mwavuli wake, na ndege ikakidaka kwa ndoano kikiwa bado kinaelea juu ya Bahari ya Pasifiki. Walikuwa wakitafuta makombora ya Warusi, na katika kupita kwao walipiga picha za majangwa mengi. Mwaka 1995 picha hizo zilitolewa kwenye siri. Leo zile ambazo zimeshaskaniwa unazipakua bure kutoka idara ya Marekani ya upimaji wa ardhi, USGS, na unaruhusiwa kuzichapisha. Ni nyeusi na nyeupe, zina chembechembe, ukizikuza zaidi ya kiasi zinavunjika. Mimi nazipenda kuliko picha zote za droni nilizowahi kuzitia fremu.

Na kilichofuata kinapendeza zaidi. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya kupekua picha za kijasusi za Syria na Iraki, za CORONA na za HEXAGON iliyofuata. Walizikuta ngome nyingine 396 zaidi ya zile 116 za padri wetu. Poidebard aliona ngome zimepangana kutoka kaskazini kwenda kusini, akasema ni kinga dhidi ya maadui wa mashariki. Hizi mpya zimetawanyika kutoka mashariki hadi magharibi. Watafiti wanaona huenda nyingi zilikuwa za kulinda na kuhudumia misafara. Kwa nini padri hakuziona? Kwa sababu alipeleka ndege pale alipotarajia kukuta mpaka. Na katika ngome hizo, nyingi leo hazipo tena: zimelimwa, zimejengewa. Zimebaki kwenye filamu ya jasusi. Kwa hiyo unaweza kuwa na picha ukutani ambayo kitu chenyewe duniani hakipo. Hapo utasema unatafuta rangi ya zulia?

Basi nyuma ya kila fremu andikeni, kwa penseli: jina la ngome, mahali, mwaka picha ilipopigwa, aliyeipiga. Picha iliyopigwa na mtu mwingine usiichapishe bila ruhusa yake. Kuna hazina kubwa za picha za angani za Yordani na nchi jirani zilizowekwa na wanaakiolojia, na nyingi zinaruhusu matumizi yasiyo ya biashara. Soma masharti yaliyoandikwa, usichukue tu.

Kuna kitu picha ya angani inakunyima, nacho nikiseme. Inakunyima mlango. Qasr Bashir ilijengwa kati ya 293 na 305, zama za Diocletian, mfalme wa Rumi, na juu ya lango lake mpaka leo kuna jiwe lenye maandishi ya Kilatini, liko palepale lilipowekwa. Kutoka juu hulioni. Unaona mraba na minara minne ya pembeni, imara ajabu, lakini jiwe hulioni. Ndiyo maana mimi nashauri pembeni ya picha kubwa ya angani uweke ndogo, kiasi cha kiganja, iliyopigwa kutoka chini mbele ya lango. Moja inatosha. Ukiweka sita umefungua ofisi ya utalii.

Ya ufundi nitayapitisha haraka. Karatasi isiyong'aa, wino wa pigmenti. Kioo cha kupunguza mng'aro kama uwezo upo. Jua la moja kwa moja lisiifikie, itapauka. Hapa kwetu na kule pwani unyevu ni adui, kwa hiyo acheni nafasi kati ya fremu na ukuta, vipande viwili vya kizibo kwenye pembe za chini vinatosha, la sivyo mtafuga ukungu. Msitundike chini ya kiyoyozi kinachovuja. Katikati ya picha ikae karibu na usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Kwenye majlisi ya kukaa chini kwenye mito, ishusheni, maana anayeitazama amekaa. Turubai sipendi, inameza mistari ya kuta. Na ule mtindo wa kuongeza rangi mpaka jangwa linakuwa la machungwa, naomba tuuache. Udongo wa Bahla una rangi yake.

Bi mkubwa pale mbele aliniuliza kabla hatujaanza: chumba cha kulala je? Mimi ningeweka ukumbini, ambako watu hupita wakasimama. Lakini nyumba ni yako, bibi, na kama usingizi unakujia vizuri ukitazama Jabrin, nani wa kukuzuia.

Meza ya nyuma kuna picha nilizozichapisha, hazina fremu wala jina, na nyingine nimezilaza makusudi kaskazini juu. Msianze na chai. Nendeni mkazigeuze, na atakayeipata ile yenye kambi za Warumi anionyeshe lile tuta lao liko upande gani.